Je, Kisichohisi Huweza Kudhulumiwa?

Ndugu wasomaji, twataka leo kuwaletea suala lililozuka katika darsa yetu, na ambalo limetushughulisha kwa muda wa wiki nyingi. Kwa mtazamo wa kwanza ni suala dogo, hata baadhi ya wenzetu walilicheka. Lakini kila tulipozidi kulichungua tuliona kuwa latugusa sisi wenyewe, na tabia zetu, na maji tunayoyanywa. Ndipo tukaona haifai kulificha.

Sisi ni watu wa pwani ambao riziki imetuleta Nairobi. Siku za kazi tumetawanyika madukani na maofisini katikati ya mji, na kila Jumamosi hukusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja, upande wa magharibi, si mbali na barabara ya Ngong. Huswali alasiri pamoja, kisha darsa huanza. Uani mwa nyumba ile pana mzaituni wa mwitu, mti wa zamani uliokuwapo kabla ya nyumba yenyewe. Shina lake lilikuwa limevikwa kijani tangu chini hadi kwenye matawi ya kwanza, nene kama zulia. Mwenyeji wetu aliona kuwa hayo ni maradhi. Alisema, "Uchafu huu waunyonya mti, na mgeni akiingia hudhani nyumba haina mwenyewe." Sote tulimwunga mkono. Akaitwa kijana wa kazi za bustani, akapewa kisu na brashi ya waya, akaamrishwa aukwangue mti mpaka gome lionekane, kisha aupake chokaa.

Kijana yule ni mtu wa Kinangop, kando ya misitu ya Nyandarua. Kabla hajaanza alisema kwa adabu, "Wazee, hii haili mti. Kwetu msituni kila mti unayo." Tukamjibu kuwa hakuitwa kutoa fatwa. Akanyamaza, akafanya kazi yake, akalipwa, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata tulikuta vile vilivyokwanguliwa vimelundikwa karibu na mahali tunapotawadhia, vimekauka na kuwa na rangi ya majani ya chai. Siku ile mfereji ulikuwa mkavu, kwani mtaa ule hupata maji kwa zamu, nasi tukatawadha kwa birika. Maji ya udhu yakalimwagikia lile lundo. Tulipotoka kuswali tulistaajabu: upande uliorowa ulikuwa umekunjuka na kurudi kijani, kama kwamba haujapata kung'olewa. Mmoja wa wanafunzi wetu, ambaye bado hajafika miaka ishirini, aliinama akatazama, kisha akauliza, "Maalim, kumbe ilikuwa hai. Basi tumemdhulumu nani?"

Mzee mmoja alimjibu, "Hatukumdhulumu mtu, mwanangu. Kisichohisi maumivu hakidhulumiwi." Jawabu hilo lilimnyamazisha yule kijana, lakini halikumtuliza; na kusema kweli, halikututuliza hata sisi.

Basi kwanza tulitaka kujua tulichokikwangua ni kitu gani, maana kuhukumu kabla ya kujua ndiko kulikotufikisha pale. Sisi tulikuwa tukiita koga, na wengine ukungu. Kamusi zetu zina neno kuvumwani, nalo si neno baya, kwa kuwa latukumbusha mwani wa baharini tunaoujua. Lakini huu si mwani wala si kuvu. Ni mimea kamili, yenye vijani vyake vidogo, ijitengenezeayo chakula kwa nuru ya jua kama ufanyavyo mwembe na mnazi. Jamaa zake wa karibu ni mimea mingine isiyo na jina mashuhuri katika Kiswahili, ambayo aghalabu hulala bapa juu ya gome, imepangana kama magamba ya samaki. Mimea ya jamaa hizi mbili haina maua wala mbegu, bali huzaana kwa vumbi jembamba lipeperukalo hewani. Haina mizizi ya kweli. Ina nyuzi nyembamba za kujishikizia tu, na maji huyanywa kwa mwili mzima. Jua likizidi hujikunja na kukauka, na uhai wake ukasimama kama saa iliyosimama. Maji yakija, huendelea pale ilipoachia. Wataalamu wamekwisha kuzitambua namna zipatazo 20,000 duniani, na huhesabu jamaa hizi miongoni mwa mimea ya kale kabisa kuota katika nchi kavu.

Hapa Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, mna hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki yote. Ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Na mwaka 2003 mtaalamu Min Chuah-Petiot alitoa kitabu kizima chenye picha juu ya mimea hii midogo ya Kenya. Ilimu ilikuwapo, tena katika mji huu huu tunaokaa. Sisi ndio tuliokuwa hatukuitafuta.

Na katika ilimu hiyo tulikuta jambo la kututia haya. Mmea huu haunyonyi mti. Hautobooi gome kutafuta utomvu, wala haugusi chakula cha mwenyeji wake. Hukaa juu yake kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani ili apate kivuli. Chakula chake ni nuru, na maji ya mvua na ukungu, na vumbi liletwalo na upepo. Kwa hivyo mashitaka yetu yalikuwa ya uongo. Tuliona kitu kimekaa juu ya kingine, tukakata shauri kuwa chakiibia, na hukumu ikapita bila ya shahidi. Tena shahidi alikuwapo, naye ni yule kijana wa Kinangop, lakini tulimnyamazisha.

Tangu hapo baadhi yetu tumekuwa na mazoea ya kutazama mashina ya miti njiani. Ukitoka katikati ya mji, penye Msikiti wa Jamia na magari yasiyokatika, utaona mashina mengi ni makavu, yameingia weusi. Ukielekea magharibi, ukapita msitu wa barabara ya Ngong na kufika pande za Karen na Dagoretti, kijani huanza kurejea penye vivuli. Sababu moja ni unyevu, na nyingine ni moshi, kwani mmea unaokunywa kwa mwili mzima hauna mlango wa kufunga. Kilichomo hewani chema au kibaya huupata. Ndiyo maana wataalamu katika nchi nyingi huutumia kupimia usafi wa hewa. Pale uliposhindwa kukaa, yafaa tukumbuke kuwa mapafu ya watoto wetu huvuta hewa ile ile.

Lakini makao yake makubwa si mjini, bali ni misitu ya milimani. Huko juu, penye ukungu wa kila siku, huvika mashina na matawi mpaka gome lisionekane. Mvua ikinyesha kwa nguvu huyapokea maji na kuyaachia kidogo kidogo. Na hata isiponyesha, ukungu upitao katikati ya miti hunaswa na vijani vile, ukawa matone, na matone yakaanguka chini. Mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, alipima mimea ikaayo juu ya miti katika milima ya Uluguru, na mwaka 1980 akaandika kuwa katika msitu mfupi wa vileleni uzito wake mkavu ni takriban tani 14 katika hekta moja. Ikiwa hizo ni tani za vitu vikavu, na mmea wenyewe hubeba maji mara kadhaa ya uzito wake, mtu aweza kukisia ni maji kiasi gani yaliyoning'inia mitini. Vijito vya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Hapa Nairobi khabari ni hiyo hiyo. Mji huu umepata jina kwa Wamasai, kwa maneno yenye maana ya maji ya baridi. Lakini maji ya hapa hayakuutosha ulipokua. Bwawa la Sasumua lilijengwa Kinangop katika miaka ya 1950, na bwawa la Ndakaini likakamilika mwaka 1994. Yote mawili hupokea maji ya milima ya Nyandarua, nayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya maji ya mji.

Na nyinyi, ndugu zetu mlioko Mombasa, msidhani kuwa hayo ni mambo ya bara. Chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake liliifikia Mombasa katika miaka ya 1950, hupata maji yake katika vilima vya Chyulu. Vilima vile havina mito juu yake. Mvua na ukungu huangukia misitu ya vileleni, maji yakazama katika mawe ya volkano, yakapita chini kwa chini, yakatokea Mzima yakiwa safi. Hatusemi kuwa kuvumwani pekee ndiyo iletayo maji hayo. Udongo una kazi yake, na mawe, na miti mikubwa. Twasema kuwa imo katika kazi hiyo, na kwamba huenda umetawadha mara nyingi kwa maji yaliyopita juu yake wala hukujua.

Tulipofika hapo wengi wetu tuliona suala limekwisha. Tulimwambia yule mwanafunzi, "Sasa wajua. Anayeharibu mimea ile huwadhulumu watu wanaokunywa maji." Naye akajibu, "Maalim, hayo ni kweli kwa Nyandarua na kwa Chyulu. Lakini mti wetu haumimini maji katika bwawa lolote. Hata tukiukwangua kila mwaka, Nairobi haitapungukiwa na tone. Basi kwa mti huu, hapakuwa na dhulma?"

Ndugu wasomaji, suala hili ni gumu kuliko la kwanza. Ikiwa haki ya kitu ni faida yake kwetu tu, basi kijana amesema kweli, na mti wetu hauna neno. Lakini tazameni njia hiyo yatupeleka wapi. Katika zamani za ujinga wa Ulaya, watu waliona baadhi ya ile mimea bapa ina umbo la ini, wakasema kuwa bila ya shaka imeumbwa iwe dawa ya ini, na wakaipa jina hilo hilo la ini, ambalo halijaiacha mpaka leo katika lugha zao. Mmea uliokuwapo zamani za zamani kabla ya kuwapo ini la mwanadamu, wao waliutazama wakaona viungo vyao wenyewe! Sisi twawacheka, na huku kwetu wako wanaouza magome na mizizi kwa hoja kama hizo, wakanunuliwa. Asili ya kosa ni moja, nayo ni kudhani kuwa kila kitu kimewekwa kwa ajili ya haja yetu ya leo, na kwamba tusipoiona haja hiyo basi kitu hakina maana. Kutokujua faida ya kitu ni khabari ya ujinga wetu. Si khabari ya kitu chenyewe. Mwezi mmoja kabla ya hapo hapana hata mmoja wetu aliyejua kuwa kuvumwani ina uhusiano na mfereji wake.

Tena faida ni msingi usiokaa. Kesho ikipatikana mitambo ya kusafisha maji ya bahari kwa bei nafuu, je, misitu ya Chyulu itakuwa imepoteza haki yake? Hapana muungwana atakayesema hivyo. Basi lazima pawe na jambo jingine lililo chini ya faida.

Tulilitafuta jambo hilo katika maana ya neno lenyewe. Wanavyuoni hueleza kuwa dhulma ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Angalieni: maelezo hayo hayakutaja maumivu. Aliyedhulumiwa akilia, kilio chake ni dalili tu ya dhulma. Si chanzo chake. Mali ya yatima mchanga yaweza kuliwa naye hajui, asilie wala asihisi kitu, na hapana asemaye kuwa kwa hivyo hapakuwa na dhulma. Kadhalika maiti hahisi, nasi tumeamrishwa kumheshimu. Kumbe yule mzee wetu, kwa hishima yake, alipima dhulma kwa kilio. Na mwenye kupima hivyo atawaogopa wenye sauti na kuwapuuza wasio nayo.

Tulipata mfano wa hayo karibu nasi. Mwaka 2020, ilipokuwa ikijengwa barabara ya juu ipitayo Waiyaki Way, mkuyu mmoja mkubwa wa Westlands, uitwao mugumo na Wakikuyu, ulikuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Novemba ikatoka amri ya Rais kuwa mti uachwe. Jambo hilo ni zuri, nasi twalisifu. Lakini miti mingine mingi kando ya njia ile ile ilikatwa, kwa kuwa haikuwa mikubwa wala haina historia, na haikupata wakili. Na vilivyoishi juu ya magome yake havikutajwa hata kwa neno moja. Kadhalika msitu wa barabara ya Ngong, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, umemegwa kipande baada ya kipande mpaka zaidi ya nusu yake ikaondoka. Na aghalabu kila kipande kilipoondoka kilikuwa kidogo mno kumfanya mtu aache kazi zake akakitetee. Haki ya mkubwa hujisimamia yenyewe. Haki ya mdogo ndiyo inayotupima sisi.

Yuko atakayeuliza: Je, tusikwangue chochote? Ngazi za birika la msikiti zikiota utelezi, tungoje mzee ateleze avunjike nyonga? La, hatusemi hivyo. Zikwangueni leo. Uhai wa binadamu una haki kubwa zaidi, na haja ya kweli hufungua mlango. Anayelima ili ale, anayejenga ili akae, anayesafisha ili asianguke, hao wamekiweka kitu mahali pake. Sisi hatukuwa na haja. Tulikuwa na dhana, na tukaona aibu mbele ya wageni. Tofauti ya haja na upuuzi ndiyo tofauti ya haki na dhulma katika mlango huu, na kila mtu aijua moyoni mwake akiwa mkweli.

Na yuko atakayesema: Nyinyi watu wa mjini mwasikitikia vijani vya mitini, na kando ya misitu wako watu wasio na kuni wala shamba la kutosha. Neno hili ni zito kuliko lile la kwanza, wala hatulikwepi. Si haki kumwambia mkaazi wa Kinangop alinde mlima ili sisi tupate maji, kisha gharama yote ya kulinda iwe juu yake. Mkaa tunaochomea nyama zetu hatuulizi umetoka wapi. Lakini msitu ukiisha, yeye ndiye tumlaumuye. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao hukusanya fedha kwa wanaonufaika na maji ili kuwasaidia wakulima wa juu kuhifadhi udongo na vyanzo. Huo ni mwanzo wa uadilifu: anayekunywa amkumbuke anayelinda. Na asiye na fedha za kuchangia ana maji mikononi mwake. Kufuja maji ya udhu kumechukizwa hata kwa aliye ukingoni mwa mto. Seuze sisi, ambao mto wetu uko mbali, na hufika kwa zamu.

Basi jawabu letu kwa kijana wetu lilikuwa hili. Ndiyo, palikuwa na dhulma, ingawa ni ndogo. Tuliondoa kitu mahali pake bila ya haja, kwa shitaka la uongo, na ilimu ikiwa karibu. Kutokuhisi kwake hakukuondoa kosa. Kulituondolea lawama tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Lakini yeye alikuwa na neno moja zaidi. Alisema, "Maalim, nilipouliza tumemdhulumu nani, sikuwa nikiuwaza ule mmea peke yake. Nilikuwa nikimfikiri yule kijana aliyetwambia." Baraza lote likanyamaza. Mtu aliyekulia kando ya msitu alitupa ilimu yake bila ya malipo, nasi tukaikataa kwa sababu alishika brashi na sisi tumeshika vitabu. Yeye alihisi. Kwake hatukuwa na udhuru wowote. Na lau tungalimsikiliza, yote mawili yasingalitokea. Maana jicho lililokidharau kitu kidogo ndilo hilo hilo lililomdharau mtu tuliyemwona mdogo.

Mwenyeji wetu alimtafuta, akamwomba radhi mbele yetu sote, nasi tukafanya vivyo hivyo. Alicheka kwa haya, akasema, "Si neno, wazee. Itarudi yenyewe, msipake chokaa tena." Mvua za masika zimekwisha kupita mara mbili tangu siku ile. Upande wa mti usiopata jua, chini ya mpasuko wa gome ambapo brashi haikufika, pameanza kuonekana kijani kiasi cha kiganja cha mtoto. Mti wenyewe haukunenepa kwa kukwanguliwa, wala haujadhoofika kwa kurudiwa na mgeni wake.

Twawaomba ndugu zetu wa pwani, kila mmoja atazame leo shina la mwembe wa kwao, na ukuta wa kisima chake, na mtu anayemfanyia kazi, na ajiulize ni hukumu ngapi amezipitisha bila ya kuuliza. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.